Mashine Isiyo na Kabila

Katika miaka kumi na moja ya ujasusi, Adolphine alishakuwa mchuuzi wa sabuni, mke wa mchungaji na, kwa wiki mbili za mateso, mtawa.

Leo alikuwa mzigo.

Alijikunja ndani ya katoni ya friji, magoti kidevuni, bastola yake ya Makarov ikimchoma ubavuni, huku mkanda wa mashine ukimpeleka taratibu kama mgonjwa anayepelekwa kupimwa. Juu ya katoni ilibandikwa etiketi yenye mistari myeusi. Ilisema yeye ni serum, maji ya dripu ya wagonjwa wa kipindupindu.

"Mukeke, unanisikia?"

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo sikioni. Mukeke lilikuwa jina lake la kazi. Mkubwa wake, kule Uvira, aliitwa Sangala. Idara yao ilipenda majina ya samaki, huenda kwa sababu samaki hawapigi kelele wakikaangwa.

"Minasikia, chef."

"Unaona nini?"

"Katoni, chef. Kwa ndani."

Mashine hiyo ilikuwa fahari ya mji wa Baraka. Mgeni mmoja aliyeitwa Ostrand, mwenye pasipoti tatu na tabasamu moja, aliileta kwa meli na kuifunga ndani ya hangari kubwa karibu na ziwa. Mkanda wa mita themanini. Jicho jekundu la kusoma etiketi. Mikono ya chuma ya kusukuma kila mzigo kwenye mlango wake. Mlango wa kwanza, mizigo ya Nundu. Wa pili, Fizi. Wa tano, wa sita na wa saba, masoko na misheni.

Wa tatu na wa nne, hakuna aliyesema.

Idara ilijua kitu kimoja tu. Kila mara katoni arobaini zilipotokea kwenye milango hiyo miwili, siku tatu baadaye kijiji cha Itondo kiliwaka moto. Bondeni chini ya Itondo kulikuwa na kundi lenye bunduki. Mlimani juu yake kundi lingine. Katikati, kwenye nyumba ya mabati iliyotobolewa na risasi za pande zote mbili, aliishi mama yake Adolphine, ambaye alishakataa mara nne kuhama.

Jicho jekundu lililia: tii.

Mkono wa chuma ukamsukuma Adolphine kiunoni. Si mlango wa tatu. Si wa nne. Alitelemka kwenye bati na kuangukia kona yenye giza, kichwa chini, pamoja na mzigo wa majembe.

"Mashine inakatala kila kitu chenye kupita kilo makumi tatu," sauti ya mwanaume ilisema. "Weye, dada, uko na kilo ngapi?"

Makarov ilitoka kwenye katoni kabla ya Adolphine.

"Mwanamuke haulizwake vile."

Mwanaume aliinua mikono. Mmoja ulishika tabuleti, wa pili andazi lililong'atwa nusu. Alivaa ovaroli ya bluu iliyoandikwa EUGÈNE kifuani. Ndiye aliyekuwa fundi wa mashine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi muda mrefu.

"Miezi mbili natafuta muntu wa kumuambia," alisema. "Kila muntu naona, naona anamupigia Ostrand saluti. Weye njo wa kwanza kunielekezea bunduki. Nimeanza kukuamini."

Akasema yote, huku akimaliza andazi. Katoni za serum za Ostrand zilikuwa na risasi. Ishirini zinatoka mlango wa tatu, kwa watu wa chini. Ishirini mlango wa nne, kwa watu wa juu.

"Pande zote mbili?"

"Zote. Mashine haina kabila, dada. Katika Fizi yote, njo peke yake."

Mzigo mpya ungepita saa tisa. Malori yangeondoka saa kumi. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Izime."

"Kodi ya kuzima, ile namba ya siri, iko na Ostrand. Ukikata umeme, iko na batri. Ukigusa mkanda, milango inajifunga na walinzi wanakuja."

"Kuna kitu gani kingine inakatala, hii mashine yako?"

Eugène alifikiri.

"Kodi yenye imeshapita, ile mistari ya etiketi. Ikisoma etiketi moja mara mbili siku moja, ile ya pili inatupa hapa, kwenye rejet, kona ya mizigo yenye imekataliwa. Na Ostrand ni mvivu. Kila mara anatumia kodi zilezile arobaini."

"Basi tuchapishe zingine kama zile, zitangulie."

"Mashine ya kuchapa iko kwenye bureau yake, kule ghorofani." Kisha akatazama viatu vyake. "Lakini zile katoni za zamani, zikirudi tupu… niliziuzaka sokoni. Sikutoa etiketi."

Adolphine alimtazama. Kosa kama hilo haliwezi kufanyika mahali ambapo watu hutupa katoni. Baraka, katoni ikimaliza dawa inabeba sabuni, ikimaliza sabuni inabeba ndagala, dagaa wa ziwani, ikioza inawasha moto.

"Uliuza kwa nani?"

"Mama Rosette."

Dakika ishirini baadaye pikipiki ya TVS ilimshusha sokoni, katikati ya harufu ya ndagala kavu. Mama Rosette alikaa juu ya kigoda, mpana kama kabati. Nyuma yake katoni zilipangwa mpaka juu. SERUM. SERUM. SERUM.

Zamani yeye ndiye alikuwa mashine ya Baraka. Aliongoza bamama hamsini waliopanga mizigo yote ya bandarini. Aliinua kitu kichwani mara moja akajua ni nini, cha nani, na kama mwenyewe ni mwongo. Kisha Ostrand alikuja na mkanda wake, na bamama wakapewa asante na tisheti.

"Nahitaji katoni hizi zipite kwenye mashine kabla ya saa tisa, mama," Adolphine alisema. "Zijae ndagala."

"Nyinyi watu wa bureau munakujaka tu na haraka. Ndagala zangu zitaenda wapi?"

"Kwa watu wenye bunduki."

"Na mimi napata nini?"

Adolphine alitafuta uongo mzuri, akakosa.

"Hakuna, mama. Mashine ya Ostrand itaaibika. Na mama yangu iko Itondo."

Mama Rosette alisimama. Kisha aligeukia bamama wake wa zamani, waliouza ndagala kando yake.

"Mubebe. Leo tunaenda kumutembelea mwenye alitufukuza kazi."

Saa nane na nusu bamama waliziingiza ndagala hangarini kama mizigo ya soko, zikapanda mkanda. Tii. Mlango wa tatu. Tii. Mlango wa nne. Eugène alihesabu kwa vidole. Arobaini.

Vibarua wa malori mawili walisimama bega kwa bega, wakivuta sigara moja kwa zamu. Mmoja alikuwa wa kundi la chini, mwenzake wa juu.

"Leo serum ni nyepesi," wa chini alisema.

"Na inanuka."

"Umeisha kuona dawa yenye kunukia?"

Wakapakia. Amri ilikuwa kutofungua, na mgongo ukipumzika haupendi maswali. Ghorofani, kwenye chumba cha vioo, Ostrand alitazama skrini. Ishirini. Ishirini. Kijani chote. Akafikiri mzigo umepita mapema, akawapigia simu madereva waondoke.

Saa tisa risasi zikaingia.

Tii, tii. Rejet.

Tii, tii. Rejet.

Ostrand alishuka mbio na Glock mkononi, peke yake: hakuna aliyegusa mkanda, kwa hiyo walinzi hawakuitwa. Alimkuta Adolphine amekaa juu ya katoni arobaini, na mbele yake ukuta wa bamama hamsini, mikono viunoni.

Katoni moja ilipasuka. Risasi zikamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Ostrand.

"Nilijua miye," Mama Rosette alisema. "Maji hayana uzito wa hivi."

Ostrand alihesabu watu, akahesabu risasi za bastola yake, akaiweka chini. Hesabu aliijua. Adolphine alimfunga pingu kwenye chuma cha mkanda.

"Umefanya kazi nzuri," Ostrand alisema kwa Kiswahili safi, bila hasira. Hilo ndilo lililomuudhi Adolphine. "Meli nyingine inafika baada ya siku tisa."

Kabla jua halijazama, mtumbwi wa mota ulipeleka katoni zote za risasi katikati ya ziwa, mahali ambapo nyavu hazifiki chini. Adolphine alizisukuma majini moja moja.

Asubuhi Sangala alipiga.

"Mukeke. Ostrand amepanda ndege."

"Nilimufunga, chef."

"Nikamfungua mimi. Amri imetoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya yangu. Hangari inafunguliwa tena Jumatatu. Na zile risasi, nani alikuruhusu kutupa kielelezo?"

"Zilipita kilo makumi tatu, chef."

Adolphine akakata.

Akampigia mama yake. Simu iliita mpaka akaanza kuomba.

"Hallo, mwanangu."

"Mama, uko muzima?"

"Niko. Jana magaribi watu wa chini walipita. Leo alfajiri wa juu. Wote wananuka ndagala, sijui wametoka karamu gani. Hawakupiga hata risasi moja. Banasema bado banangojea mizigo."

"Ondoka, mama. Uko na siku tisa. Nakuja kukubeba na pikipiki, leo hii."

"Siku tisa ni nyingi. Nilikuwa sina hata moja." Upepo ulivuma kwenye simu, na sauti ya jembe. "Acha nimalize kupanda muhogo. Hali ya hewa ni nzuri."

"Mama, muhogo unakomaa mwaka muzima."

"Najua, mwanangu. Ni mimi nilikufundisha."

Simu ikakatika, au mama aliikata.

Adolphine aliingiza Makarov kiunoni, akavaa miwani ya jua. Nyuma yake, ndani ya hangari, Eugène alikuwa akipangusa lile jicho jekundu kwa kitambaa, kwa ajili ya Jumatatu. Hakuinua macho. Adolphine alianza kutembea barabara ya Fizi, kuelekea Itondo, katikati, polepole, hata pikipiki zilipompigia honi zimpite.