Fundi Asiyewasha Moto

Jumamosi, soko kuu la Jinja halina nafasi ya mtu anayetaka kufikiri. Lakini Bramwel Wasike alikuwa amesimama katikati ya njia mbele ya meza ya vyombo, sufuria mkononi, akipitisha kidole ukingoni taratibu huku watu wenye magunia ya kabichi wakimsukuma.

"Kaka," sauti ikasema nyuma yake, "hiyo sufuria unainunua au unaioa?"

Akageuka. Msichana mwenye gauni la njano, miwani myembamba puani, nywele zimesukwa mistari midogo. Hakuwa akicheka, ila macho yalimsaliti.

"Naichumbia kwanza," Bramwel akajibu. "Alumini yake dhaifu. Itapinda kabla ya Krismasi."

"Ni ya kumpelekea mama yangu Mbale, siyo yako. Lete!"

Alimpa. Alimpa na namba ya simu, na mpaka leo msichana huyo, Racheal, anakana kwamba ni yeye aliyeiomba.

Racheal aliuza miwani katika duka moja mjini. Bramwel, Mbukusu wa Bungoma upande wa Kenya, alikuwa fundi wa kuunga mabati kwenye karakana karibu na kiwanja kidogo cha ndege, walikotengeneza vipande vya sakafu na mabawa ya ndege ndogo. Jioni walikutana Bugembe, mtaa alikopanga Bramwel, wakala kuku wa kuchoma kando ya barabara kuu.

"Ati wewe welda?" Racheal akamshika kidevu. "Hebu nione macho. Mawelda wanaokuja dukani kwetu wana macho mekundu kama pilipili. Yako meupe! Na shati halina hata tundu moja la cheche."

"Kwa sababu siwashi moto, mpenzi. Umewahi kusonga posho, ugali wenu?"

"Banange! Unanionaje?"

"Basi mashine yetu ni mwiko. Unabana mabati mawili ubavu kwa ubavu, halafu pini nene ya chuma inazunguka kwa kasi pale yanapokutana. Alumini inalainika bila kuyeyuka, inakorogwa, inakuwa kitu kimoja. Ukitumia moto, nyembamba vile, inakunjamana yote."

"Kale, sawa! Mwiko wa kusonga ndege!" Racheal akacheka mpaka soda ikampalia. Akamwamini, maana alishampenda.

Shida ilianzia Mbale. Baba yake Racheal, Afande Gaster, askari jela mstaafu, alisikia habari za mchumba akaenda kumwuliza jirani yao wa mtaa wa Nkoma, Asadu, fundi wa mageti. Asadu alicheka sana. "Alumini nyembamba bila moto, bila gesi? Labda anagundisha na mate!"

Maneno hayo yalimfikia Racheal kwa simu, yakamwingia. Aliwahi kupendwa na mwanaume aliyejiita daktari, kumbe hakuwa daktari, na alikuwa na mke Buwenge. Jioni hiyo akampigia Bramwel.

"Bram, niambie ukweli. Unafanya kazi gani?"

"Si nilishakuambia?"

"Nipeleke nikaone."

"Wageni hawaruhusiwi ndani, mpenzi, unajua."

"Hata yule wa Buwenge alikuwa na mahali nisiporuhusiwa."

Bramwel akasema, "Kama unataka macho mekundu, Racheal, mawelda wamejaa Jinja." Akakata simu.

Bramwel aliumia, nami simlaumu, ila kukata simu ni ujinga. Wiki zikapita kila mmoja akiitazama simu yake kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokosa. Mwishowe Racheal akaomba likizo akaenda kwao Nkoma.

Jumapili moja baada ya ibada, bodaboda ikasimama mlangoni. Bramwel, aliyeelekezwa na wenzake Racheal wa dukani, akashuka na shati jeupe lililonyooshwa, kifurushi cha gazeti kwapani.

"Jambo, afande."

"Wewe ndiyo ile mtu ya ndege?" Afande Gaster hakuinuka kitini. "Mimi nimechunga watu ya uwongo miaka mingi, kijana. Njia ya mwongo ni fupi."

"Ndiyo maana nimeleta hivi."

Vilikuwa vipande viwili vya alumini, vimekatwa kutoka kwenye kiungo kimoja. Kila kimoja kilikuwa na mstari katikati wenye alama ndogo za duara, safi, bila masizi.

Wakavuka hadi kwa Asadu. Asadu akabana kipande kwenye jiliwa, akakigonga kwa nyundo mpaka kikakunjika, mstari ukiwa nje. Kilishika. Akakipapasa. "Wallahi, afande, imeshika!"

Afande akaanza kutabasamu. Racheal, aliyekuwa mlangoni, alitaka kumrukia Bramwel palepale.

"Bado," Bramwel akasema. "Huo ni upande wa juu. Kwetu karakanani kipande cha pili kinakunjwa kwa upande wa chini."

Racheal akamtikisia kichwa: acha, inatosha! Hakuacha. Akakigeuza kipande mwenyewe. Asadu akagonga, na mstari ukafunguka kama ganda la maharage.

Bramwel alikiokota.

"Imeshindwa. Niliunga jana kwa haraka ya kuja huku. Pini haikufika chini, juu ikapendeza tu. Hii haipandi ndege. Kosa ni langu."

"Ulijua itavunjika?"

"Sikujua, afande. Ndiyo maana tunageuza."

Afande Gaster alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watu getini kazini. "Mwongo hawezi geuza," akasema. "Mwongo anachukua ile ya kwanza, anaenda." Akapaza sauti kuelekea nyumbani. "Mama Racheal! Ongeza posho, iko mgeni!"

Walipobaki wawili, Racheal akamsogelea. "Ulinikatia simu."

"Nisamehe."

"Nami sikukuamini. Nisamehe." Akajifuta machozi, akajaribu kununa. "Na ile sufuria imepinda kweli."

"Nilikuambia."

"Uliichumbia dakika mbili tu. Mimi utanichumbia mpaka lini?"

Bramwel akamshika mikono. "Nataka kukuoa leo hii. Lakini nigeuze kwanza uone upande wa chini, Racheal. Nina hasira za haraka, nina wivu, nakata simu."

"Huo upande nimekaa nao wiki zote hizi," Racheal akasema, "na bado nilikuwa nakungoja."