Funguo za Baba Muinde

Haya yalimpata rafiki yangu Wakesho wa Marungu. Aliponisimulia alinishika mkono, hakuuachilia.

Alitafuta kamera ya mitumba, kwa sababu simu yake ilitoa picha zenye ukungu. Alitaka mumewe, aliyeko kazini Kishushe, amwone mtoto wao Daisy akicheka. Tangu augue homa kali, Daisy hakusikia kitu wala hakucheka tena.

Mjini Voi, mjane mmoja, Mama Muinde, alimuuzia kamera ya marehemu mumewe. Alimfunza kila kitufe bila haraka.

“Akipiga picha, Baba Muinde alitikisa funguo ili watoto wamwangalie,” akasema. “Tulimzika nazo mfukoni. Wewe utatikisa nini, mwanangu?”

“Wangu hasikii, mama. Nitamfanyia vituko vya uso tu.”

Kesho yake alasiri mvua ilipiga mabati, nyumba ikawa giza. Wakesho akamketisha Daisy kitandani, akainua kamera. Daisy akageukia mlango, akacheka kwa sauti. Kisha macho yake yakafuata kitu polepole, kutoka mlangoni, kando ya kabati, mpaka nyuma ya bega la mamake.

Wakesho akabonyeza.

Ndipo akasikia funguo zikitikiswa, karibu na sikio lake.