Dari ya Kutambaa

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, Koleta alipanda ngazi kwenda kufagia dari. Kazi hiyo aliichukia kuliko kusafisha choo. Nyumba waliyopanga pale Ng'ambo, Tabora, ilikuwa na dari fupi mno, mtu alipita kwa tumbo. Humo ndimo mama yake, Tekla, alimohifadhi mahindi, pamoja na kilindo cha gome la mti chenye mbegu za karanga walizoletewa na bibi yake wa Usoke.

Huko juu kulinuka mkojo wa panya. Mavi yao yalinata viwikoni. Siku moja Koleta aliweka kiganja gizani juu ya panya aliyekufa, laini, mwenye funza. Tangu siku hiyo alifagia mlangoni tu, pale mkono ulipofika akiwa bado ngazini, kisha alishuka na kusema, "Nimemaliza, mama." Tekla alikuwa na mgongo mbovu, hivyo hakupanda kukagua; mahindi ya kusaga Koleta ndiye aliyeyashusha, kutoka gunia la karibu na mlango.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Baba yake, Hilari, fundi wa karakana ya reli, alikuwa akijenga na wenzake wawili nyumba tatu zilizoungana ukuta kwa ukuta, chini ya paa moja. Kimo cha paa walikwisha kukubaliana. Kilichobaki ni kila mmoja kuamua boriti za dari yake zikae wapi. Boriti zikipandishwa, sebule ingepata kimo lakini dari ingekuwa finyu.

Jumamosi moja jioni, wakiwa wanakula, mwashi Bundala alifika.

"Bwana Hilari, Jumatatu naweka boriti. Nikishazijengea ukutani sizitoi tena. Nizipandishe kiasi gani?"

"Juu kabisa," alijibu Hilari. "Nataka sebule yenye hewa, mgeni akiingia aone ameingia nyumbani kwa mtu."

"Mimi nataka dari ambayo mtu anapiga magoti na kufagia," alisema Tekla. "Chakula chetu ndiko kinakolala."

"Mama Koleta, mbona hii ni fupi na binti yako anaifagia kila wiki?" alisema Hilari. "Si hivyo, Koleta?"

Koleta alitazama ugali wake. Akinyamaza, nyumba mpya nayo ingekuwa na tundu la panya juu ya vichwa vyao, na mama yake angekula uchafu mpaka uzeeni. Alirudisha tonge sahanini.

"Sifagii, baba," alisema. "Nafagia mlangoni tu. Ndani kunanitia kinyaa. Nimewadanganya."

Hilari alichukua koroboi akapanda. Walimsikia akijikokota, akikohoa, kisha akitukana kwa Kinyamwezi maneno ambayo padri asingependa kuyasikia. Alishuka na kilindo mkononi, shati limelowa kifuani madoa ya kahawia. Kilindo kilikuwa kimetobolewa chini. Badala ya mbegu mlikuwa na maganda, mavi, na vitoto vya panya vyekundu visivyo na manyoya, vikifurukuta. Bundala alitema mate nje.

"Na mahindi?" aliuliza Tekla.

"Yameloa mkojo."

Tekla aliutazama ugali, akatoka uani kutapika.

Hilari alichimba shimo, akachoma vyote. Aliporudi alimwambia Bundala, "Shusha boriti. Mgeni mrefu atainama. Na ukuta wa kati uufikishe kwenye bati, panya wa jirani wabaki kwa jirani."

Kesho yake, baada ya misa, baba na binti walijifunga vitambaa puani wakapanda pamoja. Walifagia wakitambaa kwa matumbo hadi pembe ya mwisho. Koleta alitapika, akafuta mdomo, akaendelea.

"Tutakwenda Usoke," alisema Hilari, "umweleze bibi yako mwenyewe mbegu zake zimekwenda wapi."

"Ndiyo, baba."

"Kinyaa si kosa, hata mimi kimenishika. Ungesema mapema, tungepanda wote kama leo. Lakini ulituziba macho, tukala mikojo ya panya tukidhani tunakula chakula. Bwana afya anasema tauni huingia hivihivi, na mimi nusura nijenge nyumba nzima juu ya neno lako. Kazi ikikushinda, mwanangu, sema imekushinda. Usiseme umemaliza."