Ukurasa wa Mei

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Ikupa alisimama mbele ya kalenda iliyotundikwa ukutani kwao Kyimo na kuisoma kwa sauti. Ilitoka duka jipya la Tukuyu mjini, maana siku hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa na wenye maduka walishindana kuwagawia wateja kalenda. Kila mwezi ulikuwa na neno la mwenye hekima. La Mei lilisema: "Atakaye kuvuna kesho asione taabu kuinama leo."

"Huyo alikuwa mkulima," alisema baba yake, Jotham, ambaye hakujua kusoma.

Jotham alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Nguvu zilishaanza kurudi, hata ndizi alikata mwenyewe. Nesi Stumai alimpa dawa za mwezi mmoja mmoja, na siku ya kurudi hospitali Jotham aliitia alama ya mkaa kwenye kalenda, Ikupa akimwonyesha tarehe. Safari hii alama ilikuwa mwishoni mwa Mei.

Sasa, darasa la tano walikuwa na mashindano yao: nani kajalidi daftari kwa karatasi nzuri kuliko wenzake. Ikupa hakungoja mwezi uishe. Aliung'oa ukurasa wa Mei, akajalidia daftari lake, neno la hekima likakaa juu. Wenzake walimsifu, naye akavimba kichwa.

Siku chache baadaye baba yake alimwita.

"Ikupa, hebu nitazamie. Vidonge vimekwisha na alama yangu siioni. Siku imefika?"

Alama ilikuwa kwenye daftari! Akaikumbuka fimbo ya baba yake.

"Bado, baba."

"Basi labda wanataka mwili upumzike kwanza."

Lo, mtoto huyu! Kila alipoulizwa alijibu, "Bado." Juni ikaja na ukungu wake na baridi ya kukata mifupa, kikohozi nacho kikarudi. Julai, Jotham alikohoa damu shambani, akaanguka. Majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali.

"Baba Ikupa, mbona uliacha dawa?" Nesi Stumai aliuliza kwa ukali.

"Sikuacha, mama. Siku yangu haijafika. Muulize mwanangu huyu, ndiye msomi wetu."

Ikupa aliangua kilio. "Ilifika, baba! Niling'oa Mei nikajalidia daftari. Niliogopa utanichapa."

Jotham aligeukia ukutani. Ikupa alitamani apigwe kuliko kugeuziwa mgongo.

Ilibidi matibabu yaanze upya, safari hii na sindano kila siku. Nyumba nzima ilipimwa, na mdogo wake Ikupa, Gwakisa, akakutwa naye ameambukizwa. Ikupa aliumia sana. Tangu hapo hakuna siku ya dawa iliyopita bila yeye kuwaamsha baba yake na Gwakisa na kuwasindikiza.

Walipona. Lakini pafu moja la Jotham lilikuwa limeharibika, na kilima cha kwenda shamba la chai hakukiweza tena. Siku walipomaliza dawa, alimketisha Ikupa karibu naye.

"Siku ile ningekuchapa, mwanangu," alisema, akihema. "Ungelia kidogo, na jioni tungekula pamoja. Kweli ingetuuma siku moja tu. Uongo wako nitaupumua mpaka nife."