Ramani ya Kambi Taa

"Chai imechemka. Ishirini na mbili."

Sauti ya Tom, mkuu wake kazini, kwenye simu, kisha laini ikakatika.

Milka Ekiru akairudisha Samsung mfukoni, akaingia lifti ya wafanyakazi wa hoteli. Saa nane na dakika kumi mchana. Nje, jua la Doha lilikuwa linachoma vioo vya minara ya West Bay. Ndani, wageni walijifunika shali kwa baridi ya AC.

Kwa wageni hao, Milka alikuwa askari wa mlangoni tu, Mkenya anayesimama kwa muda wa saa kumi na mbili na kutabasamu. Kwa Nairobi alikuwa jasusi mwenye uzoefu wa miaka tisa. Miezi minne sasa alikuwa analala Muaither, kwenye mabweni ya wafanyakazi, chumba kimoja na wanawake watano wanaokoroma kwa zamu, akimsubiri mtu mmoja aliyejiita Arnold.

Arnold alikuwa na ramani.

Ilichorwa wakati wa ukoloni, mji mdogo wa Kambi Taa, huko Kenya, ulipoanza: mahema sita, na Mzungu aliyeokota dhahabu kwenye korongo kavu, mahali ambapo hata leo ni siku mbili kutoka barabara ya lami. Watu wakaja, wakachimba, wakajenga duka, kanisa na msikiti wa mabati. Dhahabu ilipopungua, kampuni ikaondoka na jenereta yake. Watu wakabaki, maana walikuwa wameshawazika watu wao pale. Watu elfu tatu, mbuzi wao, na kisima kimoja.

Ramani ile, iliyoibwa kwenye makabati ya serikali, ilionyesha mshipa wa mwisho wa dhahabu.

Ulipita chini ya kisima.

Mnunuzi wa ramani, Brandt, alikuwa na baruti tayari mpakani. Kisima kikilipuliwa, watu watahama wenyewe, naye achimbe bila wa kumsumbua. Alichokosa ni kujua mshipa unapita wapi hasa.

Milka alizaliwa Kambi Taa. Tom alijua, na ndiyo maana alimchagua.

Alisimama kwenye korido, karibu na chumba 2214, cha Brandt. Lifti ikalia. Akatoka mwanamume wa suti ya kijivu, ndevu, miwani myeusi, mkoba wa ngozi: Arnold. Alipofunguliwa mlango aliinua mkono wa kushoto, akagonga fremu ya juu mara mbili, akatega sikio. Kisha akaingia.

Milka aliijua ishara hiyo.

Wachimbaji wa Kambi Taa hufanya hivyo wakiingia shimoni. Mwamba ukiitika kwa sauti nzito, unaingia. Ukilia kama debe tupu, unarudi nyumbani. Unafundishwa ungali mtoto, na mkono hausahau hata ghorofa ya ishirini na mbili, mbele ya mlango wa mbao. Tena mkono ule ulikuwa na kidole kimoja kisichokunjika.

Ronnie. Kaka yake. Aliyefukiwa shimoni na wenzake kumi na mmoja, miaka kumi na minne iliyopita.

"Milka, uko?" Tom, kwenye kifaa cha sikioni.

"Niko."

"Ingia. Polisi wa hapa wako dakika tatu nyuma yako."

Kadi. Taa ya kijani. Mlango.

Mlinzi wa Brandt akachomoa Glock. Milka alimwahi. Motorola yake ilikuwa redio nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa umeme wa kuangusha ng'ombe. Jamaa akaenda chini. Brandt akairukia bastola, na buti la Milka likamkanyaga mkono.

"Khalas, imekwisha. Lala hapo hapo."

Akaiokota Glock. Ronnie alikuwa amesimama dirishani, ramani kifuani. Akavua miwani polepole.

"Milka? Ni wewe?"

"Si tulikuzika, Ronnie. Tulizika koti lako."

"Nilitokea upande wa pili wa korongo, siku ya tatu. Bado nilikuwa nawasikia wenzangu wakiita huko chini. Nilikimbia. Ningerudi niwaambie nini mama zao?"

"Kwa hivyo unawalipulia kisima?"

"Ule mji ni kaburi. Wacha uishe. Waende penye maji."

"Maji gani? Hakuna maji kwingine. Wewe unajua."

Alijua.

"Na mama? Ako sawa?"

Kazi ya Milka ilikuwa kudanganya, na siku ile alitamani sana kuifanya.

"Alifariki mwaka juzi. Alikuwa bado anakupakulia kila jioni. Anafunika sahani, asubuhi anawapa mbwa."

Ronnie akakaa kitandani kwa kishindo. Kisha alinyoosha mkono, akampa ramani bila kuombwa.

Polisi wakaingia; Tom alikuwa ameshawaeleza Milka ni nani. Pingu tatu. Milka akaacha bastola mezani, akaikunja ramani, akatoka.

"Ramani?" Tom aliuliza.

"Ninayo. Brandt ameshikwa."

"Safi sana. Na huyu Arnold, jina lake halisi tuandike nani?"

Milka akaingia lifti, akabonyeza kitufe cha chini. Angesema hajui, yangeishia hapo.

"Ronnie Ekiru. Wa Kambi Taa."

"Ekiru?"

"Kaka yangu, Tom. Andika kwamba yuko hai."

Alitoka kwa mlango wa wageni, akaweka kofia yake sawa, akatembea kuelekea metro bila kugeuka nyuma. Alilia akiwa amesimama ndani ya behewa, na hakuna aliyemuuliza kitu.