Mkono Usiotambulika

Mpasuaji, mashine yenye mikono sita na macho yanayoona ndani ya mwili bila kuukata, ilikuwa imemaliza uchunguzi. Ilieleza kwa sauti ya upole kwamba kidole tumbo cha mtoto kilikuwa karibu kupasuka, kwamba visu vilikuwa tayari, na kwamba ilikuwa ikingoja idhini ya daktari.

Mtoto huyo aliitwa Mkamburi. Mama yake, Mhandisi Mghoi, ndiye aliyeiunda mashine hiyo hapo mjini Voi. Ndiye pia aliyeitia kufuli la kiganja, isimpasue mtu mpaka daktari aweke mkono juu ya kioo chake. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba uhai wa mtu haukabidhiwi chuma peke yake, naye alikubaliana nao. Sasa madaktari wa nchi nzima walikuwa wamegoma wakidai mishahara.

Mghoi alimkuta Daktari Wakesho uwanjani, katikati ya wagomaji, akamweleza hali ya mwanawe. Wenzake walimkumbusha kwamba akiondoka yeye, wengine watafuata na mgomo utavunjika. Wakesho aliinuka, yeye na Mghoi wakaondoka mbio.

Alipoweka kiganja juu ya kioo, Mpasuaji ilijibu kwamba haimtambui. Asubuhi hiyo wakuu wa hospitali walikuwa wamefuta viganja vya wote waliogoma.

"Ifungue wewe, Mama Mkamburi," Wakesho alisema. "Si wewe uliyeiunda?"

"Niliiunda isinifungukie hata mimi."

Wakesho akaenda kutafuta visu vya mkono katika chumba cha mafunzo. Madaktari wa rika lake walizoea kuidhinisha kazi ya mashine. Wachache waliwahi kupasua wenyewe. Alimpa mtoto nusu kaputi, akakata, Mghoi akimmulikia taa. Usaha ulikuwa umeshaenea tumboni.

Mkamburi hakuamka.

"Nimechelewa," Wakesho alisema. Mghoi alikuwa akimfunika mwanawe shuka.

Habari kwamba mkataba wa kumaliza mgomo umetiwa saini na wodi zimefunguliwa zilifika matanga yakiendelea. Jioni hiyo Wakesho alikuja, akasimama mlangoni, asithubutu kuingia. Mghoi alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha akae.