Utando wa Kijani Katika Tangi la Vaosa

Je, wewe ungekuta utando wa kijani kwenye tangi lako asubuhi ya ukaguzi, ungefanya nini?

Kamati ya wanawake wa kijiji ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Mikeka imekung'utwa, mawe meupe ya njiani yamepangwa upya. Lililobaki ni tangi la saruji. Humo Vaosa alifuga watoto wa kombe wakubwa wa baharini, wale wa magamba mawili, kila mmoja mdogo kama ukucha. Kuta za tangi zilikuwa kijani tupu.

Fuatino, mama mkwe wake, alishika chupa ya klorini.

"Watatucheka! Mwaga humu, usugue."

Vaosa alitaka kukataa. Lakini yeye aliolewa tu pale. Wenye mji ndio husema.

"Mama, ngoja!" Alikuwa Penina wa idara ya uvuvi, aliyewaletea kombe wale. Alikuja na hadubini. "Ukimwaga hiyo, wanakufa wote."

Akaweka tone la utando chini ya hadubini. Vaosa akachungulia.

"Vinatambaa! Vimeshikana kwa nyuzi, kama wavu."

"Mmea gani unatambaa?" Fuatino akasema. "Kanawe uso, mwanangu."

"Anasema kweli, Mama," Penina akacheka. "Huyu ni mwani, ila wa ukoo wa amiba. Anajipikia chakula kwa mwanga wa jua, na kwa nyuzi zile ananasa bakteria."

"Mbona kijani kama mwani mwingine?" Vaosa akauliza.

"Zamani za kale, babu yake alimmeza mwani mdogo wa kijani, asimmeng'enye. Hadi leo ukijani na masalia ya kiini cha yule aliyemezwa yamo ndani. Ndiyo maana wataalamu hawampangi kwa rangi. Wanatazama umbo na nasaba."

"Kumbe kaolewa humo," Fuatino akasema, "na hatoki!"

Wakacheka wote watatu.

"Huyu hawadhuru kombe," Penina akaendelea. "Mbaya ni mwani wa manyoya unaowafunika. Utoeni kwa mswaki laini, mbadilishe maji ya bahari. Klorini, kamwe."

Kamati ilipofika, Fuatino mwenyewe aliwapanga mstari wachungulie kwenye hadubini. Tangu hapo, kila asubuhi, yeye na Vaosa waliinama tangini na miswaki.

Kombe wakakua, wakajaa kiganja. Siku ya kuwapandikiza mwambani, kijiji kizima kilishuka ufukweni kwa nyimbo na vigelegele.

"Mfugaji ni nani?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

Fuatino akafumbua kinywa, akakifumba. Akamsukuma Vaosa mbele.

"Ni mimi," Vaosa akasema. "Mfugaji ni mimi."